Sungura Aliuliza, Kabanga Wakajibu

Dada Rehema, shikamoo.

Huku Kabanga, karibu na mpaka wa Burundi, manyunyu hayajakatika tangu asubuhi, na chai iliyo mbele yangu imepoa.

Unaikumbuka ile tamthilia ya kikundi chetu ya kukejeli vipindi vya watoto kwenye televisheni, uliyoicheka mpaka ukashika mbavu kule Mwanza? Leo mchana tumeicheza hapa sokoni. Nikamvaa mkononi sungura wangu wa kitambaa, nikauliza kwa kile kisauti chake: "Watoto wazuri, vita vimefika! Unakimbia na kitu kimoja tu. Utabeba nini?"

Hakuna aliyecheka. Bibi mmoja wa mstari wa mbele, mkimbizi wa zamani kutoka Burundi, akanyoosha kidole kama mwanafunzi, akasimama.

"Mimi nilibeba sufuria," akasema. "Mtoto nilidhani yuko na baba yake."

Dada, mdomo wangu umeyazoea mno yale maneno ya kusifu kila jibu. Sungura akajibu: "Vizuri sana! Mpigieni makofi!"

Wakampigia, yale ya shuleni, pa-pa-pa. Bibi akashukuru, akaketi.

Nikumbatilie wapwa zangu. Wakimuulizia sungura wa mjomba, waambie amekaukiwa na sauti.

Mdogo wako,
Juma