Makombo Chini ya Breki

Sinalei mwanangu,

Magimbi yamo sufuriani. Ufunguo wa gari uko juu ya friji. Nimekuachia gari, mimi nimekwenda kwa miguu kufuma mikeka na akina mama wa kanisa. Kile kipande cha kifuu alichogandisha mjomba wako kwenye pedeli ya breki usikibandue!

Ulipoondoka asubuhi ukilia, mjomba wako Fetu alikuja kuchaji betri. Akaniuliza, "Dada, mbona taa za breki zinawaka na ndani hamna mtu?" Kumbe kiplastiki cha kwenye pedeli, kinachobonyeza swichi ili taa zizime, kimepukutika, gari likadhani breki imekanyagwa, taa zikawaka usiku kucha na kuimaliza betri; sasa kifuu ndicho kinachoshika nafasi yake. Si wewe uliyeziacha zikiwaka. ~~Si ungeniambia~~ Uliniambia, tena mara mbili, nami nikakuita mwongo mbele ya mke wa mchungaji.

Na yale makombo ninayofagia garini kila Jumamosi, nikikufokea kwamba unakula biskuti humo? Nimeyaweka kwenye sahani hapo. Fetu anasema ndiyo hicho kiplastiki. Hata yeye sikumwamini, nikatia kipande mdomoni.

Si biskuti, mwanangu.

Mama yako