Lile Gari Jeusi la Nsemulwa

Fundi Masudi,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye benchi la gereji. Mvua imekatika sasa hivi na wateja bado hawajaanza kuja. Mikono nimenawa mara mbili kwa sabuni ya unga, lakini karatasi imeshapata doa la oili. Utanisamehe. Madaftari yako nayo yalikuwa hivyo hivyo.

Kwanza habari za nyumbani. Mama Zuhura hajambo. Eda aliimaliza salama, na sasa anakaanga tena vitumbua pale barazani. Zuhura amejifungua huko Tabora, mtoto wa kiume, wamempa jina lako. Gereji ipo. Mama Zuhura alinikabidhi funguo siku ya arobaini na kusema hamjui mtu mwingine wa kumpa. Pikipiki na bajaji zinakuja nyingi kuliko zamani. Magari ndiyo yalipungua, na sababu unaijua.

Ni hiyo sababu ninayotaka kukuandikia. Nusu ya habari hii unaijua vizuri kuliko mimi, lakini acha niieleze yote toka mwanzo, maana kuna kitu sikuwahi kukuambia ukiwa hai.

Unakumbuka yule mfanyabiashara wa tumbaku alipotuletea gari lake tumbadilishie oili. Gari jeusi la Kijerumani, viti vya ngozi, mlango ukiufunga unasikika kama mlango wa benki. Hapa Mpanda hapakuwa na la pili. Wewe kifua kilikuwa kimeshakubana, ukakaa kwenye stuli na kuniambia, ingia wewe. Nilifurahi. Msichana wa Mwese, mtoto wa wakulima waliokuja na vifurushi kutoka Burundi, nimelala chini ya gari lile na spana mkononi. Nilimwaga oili chakavu. Nikairudisha kwa vidole ile nati ya chini inayoziba tundu la oili, nikanyoosha mkono kuchukua spana nikaze. Hapo ndipo niliposikia stuli ikianguka, na wewe nayo.

Tulikupakia kwenye bajaji mpaka hospitali. Ulipopata nafuu kidogo mchana ukaniambia, "Domitila, rudi ukamalizie, mwenye gari anasubiri." Nikarudi. Nakumbuka nikimimina oili mpya. Nakumbuka nikishusha jeki na kumpa mwenye gari ufunguo. Katikati ya hapo, Fundi, sikumbuki kitu.

Siku ya tatu gari likazimika njia ya Inyonga, wakalivuta mpaka kwake Nsemulwa na kufunga geti. Jioni akaja kwako. Wewe ulikuwa umelala barazani kwenye mkeka, mimi nimeshika bakuli la uji. Akasema injini imekufa kwa kukosa oili, kwamba nati haikukazwa, ikaanguka njiani. Tulimwomba tukalitazame, akakataa. Ukajiinua kwa kiwiko ukamwambia, "Nati niliifunga kwa mkono wangu. Kama kuna kosa, ni langu."

Gari lile hukuligusa hata kidogo. Ulijua, na mimi nilijua.

Habari ikazagaa sokoni kwamba Fundi Masudi amezeeka, ameua gari la watu. Ulikaa wiki sita baada ya hapo. Kila siku nilikuletea uji, kila siku nilisema moyoni leo nitamwambia, na kila siku tuliongea mambo ya plagi na kabureta. Hukuniuliza. Ningependa uniulize, Fundi. Hata kwa hasira. Siku ya kukuzika nilisimama nyuma na wanawake, nimejifunga mtandio alioniazima Mama Zuhura, nikawaza kwamba unakwenda na kosa langu mgongoni.

Sasa nije kwenye gari lenyewe. Mwezi uliopita nikasikia linauzwa hivyo hivyo lilivyo, haliwaki. Mwenyewe amehamia Tabora. Aliyeachiwa ufunguo ni Elia, yule dereva wake mrefu aliyekuwa akipenda kukutania habari za mpira. Nilipopata habari hiyo sikumeza chakula siku nzima. Niliamua kulinunua.

Mama Zuhura nilimwambia nataka kulifufua niwe nalikodisha kwenye harusi. Akacheka, akasema maharusi wa Mpanda watapigania foleni. Mama yangu kule Mwese nilimpigia simu, maana akiba niliyotaka kuitumia ilikuwa ya kiwanja, na yeye ndiye tuliyepanga naye. Akaniuliza, "Sasa hilo gari lisilotembea, ndiyo utalala ndani yake?" Nikamjibu kwa ukali. Ni mara ya kwanza kumjibu hivyo.

Wewe nikuambie ukweli. Habari ya harusi ilikuwa ya mdomoni tu. Nilitaka kulinunua ili fundi mwingine asilifungue. Niliona kabisa mtu akiingia chini, anakuta pale penye nati ni tundu tupu, halafu anatoka kutangaza mji mzima kwamba ni kweli. Likiwa langu, ningelifungia uani, nitafute injini nyingine hata kwa miaka mitano, siku moja niliendeshe sokoni likiunguruma, watu waseme, kumbe Masudi hakuliua. Ndivyo nilivyokuwa nimepanga. Ukiisikiliza sasa inaonekana kama mipango ya mtu mwenye homa.

Nilikwenda Nsemulwa Jumamosi asubuhi na begi la spana. Elia akafungua geti. Ungeliona ungehuzunika. Tairi zote nne zimelala, vumbi jekundu mpaka kwenye vioo, na chini yake kuku ametengeneza kiota. Elia akasimama pembeni akichezea ufunguo. Kwa kawaida mnunuzi anaanza na boneti, au anakaa kwenye kiti ashike usukani. Mimi nilipandisha jeki, nikaweka magogo kama ulivyonifundisha, nikatandika gunia, nikaingia chini moja kwa moja.

Nati ilikuwepo.

Niliifuta matope kwa kitambaa. Na chini ya matope, Fundi, kulikuwa na mstari wa rangi ya njano. Ule mstari wako. Kila nati tukishaikaza kwa spana, tunapitisha mstari mmoja wa rangi, uanzie kwenye nati uishie kwenye chuma kilichoishika, ili ikilegea hata kidogo mstari ukatike tuone. Ulinigombeza mwaka mzima mpaka nikazoea. Mstari ulikuwa umenyooka. Niliweka spana nikavuta, haikusogea. Nikavuta kwa mikono miwili, haikusogea.

Niliikaza, Fundi. Mchana ule niliporudi kutoka hospitali, kichwa kikiwa kwako, mikono yangu iliingia chini ya gari, ikakaza, ikachukua brashi ikapaka rangi, na mimi mwenyewe sikuwepo.

Nililia nimelala pale chali juu ya gunia. Elia akainama kuniuliza kama kuna kitu kimeniangukia. Nikamwambia hapana, kuna kitu kimenitoka.

Nilipotulia nikafungua boneti. Nikavuta kile kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa imejaa mpaka alama ya juu na kupita, lakini rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa. Wewe ungeishia hapo tu, ungefuta mikono na kudai kahawa. Mimi nikafungua na chujio la hewa. Ndani kulikuwa na tope lililokauka na majani ya mtoni. Gari lile lilikunywa maji. Injini ikivuta maji badala ya hewa, hata ingekuwa na oili ya pipa zima, inajivunja yenyewe kwa ndani.

Nikamwita Elia aje atazame. Hakuja. Akakaa kwenye ngazi ya nyumba, akaanza kueleza bila kuulizwa. Siku ile mto kabla ya Inyonga ulikuwa umefurika, maji yamefunika daraja. Malori yalikuwa yamesimama. Yeye na mwenye gari walikuwa wanachelewa kukutana na wanunuzi wa tumbaku, na ndani ya gari alikuwemo mgeni wa heshima. Maji yalifika kwenye taa.

"Nani alikuambia upite?" nikamuuliza.

"Mwenyewe. Alikuwa amekaa nyuma," akasema. "Aliniambia hili gari haliogopi maji."

Akaniambia alikatazwa kusema, na alikuwa na watoto wanaosoma. Akaniambia alikuja msibani kwako, akasimama karibu na geti, akashindwa kwenda kumpa mkono Mama Zuhura. Nilitaka kumchukia, lakini hasira haikuja. Nilikuwa mwepesi mno siku ile.

Nisikufiche, bado nilikaa ndani ya gari. Nilifuta kiti cha dereva nikakaa, nikashika usukani. Ngozi bado inanukia vizuri. Elia akapiga simu Tabora akarudi na bei nyingine, nzuri kuliko ya kwanza, na kwa dakika kadhaa nilijiona kabisa nikipita mbele ya soko na maharusi nyuma. Halafu nikaanza kuhesabu kifundi, kama ulivyonizoeza. Injini mpya, spea za kuagiza Dar, mfumo wa umeme uliolala kwenye unyevu miezi yote hiyo, kompyuta yake ambayo hapa hakuna wa kuisoma. Na juu ya yote, sikuwa tena na kitu cha kuficha ndani yake. Nilitoka, nikafunga mlango wake mzito taratibu, nikamwambia Elia, "Silinunui." Nikarudi Mpanda mjini kwa miguu, begi begani, ingawa bajaji zilinipigia honi njia nzima.

Mwenye gari nilimpigia simu mimi mwenyewe. Nilimweleza nilichokiona, sikumtukana. Akasema aliona aibu mbele ya mgeni wake, ndiyo maana akatusingizia sisi. Nikamwambia kuna mtu mmoja anayestahili kuyasikia hayo, na siyo mimi. Ijumaa baada ya swala akampigia Mama Zuhura, akaomba radhi. Mama Zuhura alimwambia amemsamehe, ila wewe ulisemwa sokoni, kwa hiyo huko ndiko arudishe maneno. Hajarudi sokoni mpaka leo. Lakini Elia amekwenda. Amekaa pale kwenye mabenchi ya kahawa na kusimulia mambo ya mto, siku baada ya siku. Wiki hii yamekuja magari mawili.

Mama yangu nimemwomba radhi. Kiwanja tumekipata, kule kule Nsemulwa.

Na Mama Zuhura nimemwambia yote, pamoja na kwamba nilikaa wiki sita bila kusema. Tulikuwa tunachambua mchele. Nilimuuliza kama uliwahi kumwambia ulichofikiri juu yangu. Akaendelea kuchambua. Kisha akasema, "Alisema hajui kama ulifunga au hukufunga. Hakutaka kukuuliza kwa sababu aliona ungeacha kazi."

Nimelifikiria neno hilo siku nyingi. Nilikuwa natamani nisikie kwamba ulikuwa na uhakika na mimi. Kumbe hukuwa nao. Ulibeba kitu ambacho huenda kilikuwa changu kweli, ukiwa huna pumzi hata ya kubebea mwili wako. Sijawahi kupewa kitu kikubwa kama hicho na mtu asiye wa damu yangu.

Lakini wiki sita zile zilikuwa nzito, Fundi, kwako na kwangu. Kwa hiyo nakuahidi hivi. Kazi yako nitaifanya kama ulivyonifundisha. Ila siku mtu aliye chini yangu atakapoonekana amekosea, nitamuuliza. Nitakaa naye chini, nimuulize taratibu, na jibu lolote atakalonipa, nitalibeba pamoja naye.

Dua zenu sizijui vizuri, nakuombea kwa zile za kwetu. Kuna mtu anaingia na gari, nasikia linakohoa upande mmoja. Acha niende nikalisikilize.

Pumzika, Fundi wangu.

Domitila