Sauti Anayoiruka Kitufe

Jumapili, 3 Machi

Nisamehe, daftari. Tangu Desemba sijakugusa. Kufua, kupika, kubeba mtoto, kazini kupiga pasi mashuka ya hoteli mpaka nywele zinanuka mvuke — siku imekwisha. Leo mwanangu Kitufe kalala mchana, nami nimeiba dakika.

Mdogo wangu Bati kapata kazi ya kuchomelea vyuma, mbali, miezi sita. Katuachia spika yake na muziki alioutengeneza na kuurekodi mwenyewe. Muziki! Karatasi ya bati inatikiswa, mota ya friji inaguruma, mabomba manne ya maji yanagongwa kwa soli ya kandambili. Mama mkwe anasema ni kabati la vyombo limedondoka kwenye ngazi, na bado linashuka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Lakini mwanangu, miaka miwili na nusu, hataki mwingine. Anaikumbatia spika, shavu kalibana pale pale. Sijui anapata nini mle.

Jumanne, 5 Machi

Nimempigia Bati. Nikamwambia anifundishe, maana nauvumilia tu. Akasema: Dada, usilisikilize bati. Sikiliza nyuma yake, kama unavyomsikia mtoto analia chumba cha pili na redio inawaka.

Nimejaribu nikimenya viazi. Mara ya tatu — nikausikia! Mabomba yanaimba. Nene, nene tena, la kati, halafu jembamba, juu kabisa, kama mtu kakuita jina kisha kanyamaza. Kisu kikabaki hewani. Mtamu! Muda wote ulikuwa mle ndani, na mimi nafunga mlango.

Jumamosi, 9 Machi

Sasa nauimba hata kazini, juu ya pasi. Mwenzangu wa meza ya pili kauliza kama tumbo linanisokota.

Kitufe naye anauimba. M, m, m — kimya. M, m, m — kimya. La nne analiruka. Anaiacha nafasi yake, sawasawa, kisha anarudi mwanzo. Nilipomsimulia Bati kwenye simu kacheka kweli: Mpwa wangu huyo, Dada, kashaanza kutunga! Tukampigia makofi, mimi na baba yake. Fahari tupu.

Hakugeuka. Alikuwa katugeuzia mgongo.

Jumatano, 13 Machi

Mama mkwe kasema mtoto ana jeuri, anaitwa mara tatu haitiki. Nami sitaki mtoto jeuri. Jana nilimsimamisha kwenye kona kwa hilo. Alinitazama mdomo. Si macho. Mdomo.

Usiku usingizi ulikataa, nikiwaza kwa nini anatazama mdomo.

Leo nimechukua kijiko na glasi, nikasimama nyuma yake, nikagonga. Hakuna. Nikagonga kwa nguvu. Hakuna. Nikaangusha sufuria — sakafu ikatetemeka, akageuka, akacheka!

Nikakaa chini pale pale. Lile shavu kwenye spika. Anausikia muziki kwa mfupa.

Na sisi tulipiga makofi.

Nimemwomba radhi kwa ile kona. Nimemnong'oneza, halafu nikarudia kwa sauti, halafu nikamshika tu.

Alhamisi, 14 Machi

Daktari wa masikio, mama mmoja mpole, kauliza: Alizaliwa hivi, au anapungukiwa na usikivu? Ilianza lini? Kasema kama anapungukiwa, tusichelewe. Vipimo Jumatatu. Nikusanye chochote chenye sauti yake ya zamani. Baba yake alikuwa kwenye benchi anakunja kofia, anaikunjua.

Desemba Bati alimrekodi mtoto akiimba wimbo huo huo. Wakati ule kwangu zilikuwa kelele tu, ningejuaje kama kuna kilichopungua? Nimempigia, kaisikiliza huku nangoja. Kisha: Dada, anaimba yote manne. Hata lile la juu.

Kwa hiyo alikuwa nalo.

Jioni hii nimewasha spika, nimekaa naye sakafuni. M, m —

Kimya. Kimya.

Nikarudisha mwanzo. M, m. La kati nalo hakulisema. Jumamosi alilisema, nilimsikia mwenyewe! Baba yake yuko jikoni, hajajua. Sijamwita bado.

Rekodi ya Desemba imeshafika. Nimemwandikia Bati vitu ambavyo bado nataka: rekodi yoyote ya Januari, hata ya sekunde kumi. Ya Februari pia. Bomba la kati, alifunge kwa taulo, alitume na basi la kesho, lisingoje wiki ijayo, kabla nalo halijampotea kabisa. Ile soli anayogongea. Waya mrefu wa spika, nataka kuilaza spika chini ya godoro la Kitufe. Mabomba manene, yote mawili.

Jembamba abaki nalo.