Mama Alipomlilia Kalenga

Jumapili. Mvua ya asubuhi imegeuza barabara za Kampemba kuwa tope jekundu, nami nimerudi nyumbani na viatu mkononi, moyo umejaa. Sijui nianzie wapi.

Nianze na Kalenga, kwa wasiomjua. Ni mzee wa reli katika tamthilia tunayoitazama hapa Lubumbashi kila Alhamisi jioni. Hajawahi kuishi. Aliandikwa na Trésor, kijana anayekaa avenue ya pili kutoka kwetu. Hata hivyo, alipokufa Alhamisi iliyopita, majirani zangu walizungumza kwa sauti ya chini kesho yake, kama watu walio na kilio.

Na mama yangu alilia.

Baba alifariki mwaka juzi. Mama alikaa chini siku zote za kilio, akapokea wageni, akahakikisha kila mtu amekula bukari, ugali wetu, na hakudondosha chozi. Tangu hapo hakulitaja jina la baba. Nikilitaja mimi, anainuka kwenda kuangalia maji jikoni.

Sasa, Trésor ana udhaifu wake, na nimeuandika humu katika ukurasa wangu mara nyingi. Hadithi ikimkwama, mtu anaugua. Wabaya wake ni wabaya tangu wanapoamka. Kaka yake Kalenga alikwenda Sakania kufanya biashara, na mwandishi akamsahau hukohuko. Lakini sijaona anayejua kunyamaza kama yeye. Baada ya mazishi, mke wa Kalenga aliosha kikombe cha mumewe, akasimama nacho, asijue akiweke wapi. Hakuna muziki, hakuna neno. Hapo ndipo mama, kwenye kiti kando yangu, alipolia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia.

Leo baada ya misa Trésor alikuja kwenye ukumbi wa parokia kuzungumza na watazamaji. Nilidhani watamla mzima. Mzee mmoja, papa kama tunavyowaita hapa, alisimama kwa hasira.

"Ulimuua Kalenga bure! Ile iko homa gani? Asubui anakunywa chai, mangaribi tunamuzika?"

Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Trésor aliinamisha kichwa, akasema kweli tupu. Mwigizaji aliyemcheza Kalenga alipata kazi Kolwezi, akaondoka ghafla, naye mwandishi hakuona njia nyingine. "Niliandika mubaya," alisema. "Munisamehe."

Mama akainuka. Nilimshika kitenge, kwa woga. Hakugeuka.

"Mutoto yangu," alimwambia, "bwana yangu alikufa, sikulia. Batu balisema niko na roho nguvu. Hapana. Machozi ilikataa kutoka. Ile siku niliona ule mwanamuke na kikombe, njo nikalia bwana yangu. Merci."

Yule papa akakaa.

Trésor alishuka jukwaani, akaja hadi mbele yetu. Macho yake yalikuwa mekundu. "Alikuwa anaitwa nani, mama?"

Nilifunga macho. Nilijua hatajibu.

"Mwenze," mama alisema. "Alikuwa anacheka sana."

Tulipokuwa tukitoka nilimuuliza Trésor alilipataje lile tukio. Alitikisa kichwa, kama mtu aliyeokota kitu asichojua ni cha nani. Alikuwa ameandika maneno machache tu: anaosha kikombe cha bwana yake. Kule kusimama kulitoka kwa mwigizaji wa yule mke, na kulia kulitoka kwa mama.

Nimelifikiria hilo njia nzima. Sentensi moja, iliyoandikwa haraka na kijana aliyekwama, iliingia nyumbani kwetu ikafungua mlango ambao mimi, binti yake, nilikuwa nimeshindwa hata kuugusa.

Bado nasema kile kifo kiliandikwa vibaya. Nitaendelea kusema. Ila leo sijui tena kipimo cha kupimia hadithi.

Njiani mama hakunyamaza. Alinieleza jinsi baba alivyoimba vibaya kanisani bila haya, na jinsi alivyomdanganya wakati wa uchumba kwamba anajua kupika. Tulicheka mpaka watu wakatugeukia.

Sasa ni mchana na jua limetoka. Mama yuko uani na jirani, anamsimulia. Nasikia jina la baba likipita dirishani, mara moja, mara nyingine tena.

Naweka simu chini. Naenda kukaa nao, nisikilize.