Kitabu Kilichokatazwa Kulala Nje

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba usiniweke foleni, kwa sababu daktari wangu ameacha kuniambia nirudi lini.

Nimemficha mke wangu jambo moja tangu watoto wetu wakiwa wadogo, nalo ni hili: kisa anachokisimulia kwa fahari kuliko vyote katika ndoa yetu, kisa kinachonifanya nionekane mtu mnyoofu, mimi ndimi niliyekipinda.

Nilikuwa mwalimu wa chuo kikuu, nikifundisha sheria ya ardhi, na wanafunzi waliniita Rula kwa kuwa sikupinda kwa yeyote, hata mtoto wa mkuu wa chuo alifeli kwangu na akabaki amefeli. Somo langu lilikuwa na kitabu kimoja ambacho bila hicho mtihani haupitiki, mkusanyo mnene wa hukumu za kesi za mashamba na mipaka, kilikuwa kimeacha kuchapishwa, maktaba haikuwa nacho, na nakala pekee tuliyoijua ilikuwa yangu binafsi. Basi kila mwaka nilifanya wafanyavyo walimu wenye kitabu cha namna hiyo, nilikipeleka maktaba kikawekwe akiba, yaani kisikae rafuni bali nyuma ya kaunta, mwanafunzi akiombe, akisome humo humo kwa saa mbili, akirudishe ili na mwenzake apate. Na ujue, mshauri, kwamba masharti ya kitabu cha akiba hayawekwi na maktaba, yanawekwa na mwalimu aliyekileta. Akitaka, kinasomwa humo ndani tu; akitaka, anaruhusu kile wanafunzi walichokiita "kulala nacho", yaani wa mwisho jioni anaondoka nacho na kukirudisha asubuhi mlango ukifunguliwa. Changu kilikuwa cha kulala nacho miaka yote, na hakikuwahi kupotea wala kurudi na ukurasa uliokunjwa.

Kisha mke wangu akaingia chuoni. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, tayari ana watoto watatu, mdogo bado ananyonya, na mimi mwenyewe nilimtia moyo aombe nafasi, nikidhani atakwenda polepole na kuchoka njiani kama wengi wa umri wake. Hakuchoka. Mwaka wa kwanza alipata alama zilizowafanya wenzangu wa idara wanitanie kwenye chumba cha chai, mmoja akaniuliza kama nimeshajifunza kukanda unga, mwingine akasema sasa hukumu zangu za nyumbani zitakatiwa rufaa, na mimi nilicheka nao, cheko la meno tu, kisha nikarudi ofisini nikakaa nikiutazama ukuta.

Mwaka wa pili akafika kwenye somo langu. Wiki aliyojiandikisha nilikwenda kwenye kaunta ya akiba nikamwambia bibi aliyekuwa akihudumia pale kwamba kuanzia sasa kitabu changu hakitoki nje ya maktaba, si jioni wala mwisho wa wiki. Yule bibi alikuwa mtu wa mzaha.

"Kwani kimeoa, Mwalimu, hata kisiruhusiwe kulala nje?"

Wanafunzi waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko, na mimi nikacheka pia, nikaondoka.

Nilijua nilichokifanya. Vijana wa mabweni walikuwa na mchana mzima wa kukaa kwenye viti vya maktaba. Mke wangu akitoka kwenye darasa langu alikimbilia darasa lake la watoto wadogo, akitoka huko ana soko, ana jiko, ana mtoto mgongoni, na akipata pumzi kaunta imeshafungwa. Alijaribu. Kuna siku alitoroka shuleni wakati wa mapumziko akakuta kitabu kiko mikononi mwa mwingine, akaketi kwenye benchi kusubiri mpaka kengele ya shule yake ikawa imeshapigwa, akaondoka bila kukigusa. Haya sikuyaona, niliambiwa na bibi wa kaunta, ambaye siku hiyo hakuwa na mzaha.

Jioni moja tukiwa jikoni akaniomba, kwa upole, huku akipangusa meza, nirudishe ile ruhusa ya zamani walau kwa siku chache, kwa sababu wenzake wana mchana na yeye ana usiku tu.

"Mke wangu," nikamwambia, "darasani mimi si mume wako."

Aliniangalia, mshauri, na sikuona hasira, niliona heshima, na mpaka leo natamani ningeona hasira. Kesho yake alimsimulia dada yake, dada yake akawasimulia wengine, na kabla ya muhula kwisha chuo kizima kilikuwa kikisema Rula ni Rula, hata mkewe hampi upenyo.

Alifeli. Akarudia mtihani, akafeli tena, na kwa taratibu za chuo hapo ndipo safari yake ilipokatika. Nilisahihisha karatasi zake mimi mwenyewe, kwa haki kabisa, na haki hiyo ndiyo inayoniunguza, sikumpunja hata alama moja, kwani mtu asiyekisoma kitabu hana haja ya kupunjwa. Alirudi kwenye shule yake ya msingi akafundisha mpaka akastaafu. Mimi nikawa profesa.

Sasa maktaba imejenga chumba kipya cha vitabu vya akiba na wanataka kukipa jina langu. Walikuja nyumbani, mkuu wa maktaba na maafisa wake, wakaketi sebuleni, mimi nimeegemezwa mito, na mke wangu akawaletea chai na kuwapa kile kisa, jinsi mumewe alivyomnyima kitabu kwa ajili ya usawa. Walipiga makofi. Wakamwomba akisimulie siku ya ufunguzi. Tangu hapo anafanya mazoezi kando ya kitanda changu, wakati akinigeuza ubavu nisipate vidonda, wakati akininywesha maziwa kwa kijiko, anasimama katikati ya sentensi na kuniuliza hapa nitue kidogo, mume wangu, au nipitilize.

Naogopa kumwambia, kwa sababu kisa hicho ndicho shahada pekee aliyotoka nayo pale chuoni. Naogopa kunyamaza, kwa sababu atasimama mbele za watu na kunisifu kwa jambo nililomtendea. Wengi wangesema nife nalo, yamepita, watoto wamekuwa watu wazima, mama yao ana furaha. Nifanyeje?

Mimi, Mzee wa Kitandani

*

MSHAURI ANAJIBU

Mzee wangu, shikamoo. Nimekuamkia mapema kwa sababu nitakayoyasema baada ya hapa hayafanani na salamu.

Pole kwa maradhi. Pole hiyo ni ya mwili, kwa habari ya kitabu sina pole. Umeniandikia barua ndefu, umenieleza kaunta, foleni na masharti, lakini neno "wivu" halimo hata mara moja. Umelizunguka kama mtu anayekwepa dimbwi. Mwanamke alipasua njia akiwa na mtoto mgongoni, wenzako wakakutania kidogo kwenye chai, wewe ukaenda kuufunga mlango na kuuita mlango huo haki. Mwizi wa kawaida angalau hasubiri kupigiwa makofi.

Unasema kisa hicho ni shahada yake. Acha maneno matamu, Mzee. Shahada yake ulimnyima, na badala yake ukampa sifa zako azibebe maisha yote. Na sasa anakuuliza atue wapi. Hapo unakosaje kusema?

Utamwambia. Tena wiki hii, maana wewe na mimi hatujui ya wiki ijayo. Lakini fanya kwa akili, usije ukamtupia mzigo ili wewe ufe mwepesi.

Kwanza kabisa, iandikie maktaba ukatae jina. Usimwachie yeye kuamua, hilo ni doa lako, lifue mwenyewe. Kisha umwite mmoja wa watoto wenu aje akae hapo nyumbani akuuguze. Mkeo akishasikia, awe huru kukasirika, awe huru kwenda kwa dada yake, na huwezi kumweka huru huku yeye ndiye mwenye kijiko cha maziwa yako. Hili usiliruke. Wanaume wengi hukiri makosa yao kwa mwanamke ambaye hawezi kutoka chumbani.

Na usimwombe msamaha siku hiyo. Mtu aliye kufani akiomba msamaha huwa ananyang'anya, kwani nani atathubutu kumnyima? Mwambie, halafu unyamaze. Akitaka kukupa, atakupa kwa wakati wake, na kama wakati wake utafika wewe hupo, basi ndiyo hesabu yenyewe.

Jambo la mwisho. Mimi si mwanasheria, ila nimesoma barua za watu kwa muda mrefu na najua mahali mtu anapopunguza sauti. Umesema kitabu kilikuwa chako, si cha maktaba. Umenieleza mchana kilikaa wapi. Hukunieleza, kaunta ikifungwa jioni, kilikuwa kinalala wapi. Ukimwambia yote ukaliacha hilo, hujamwambia kitu.

*

BARUA YA PILI YA MZEE, ILIYOTUFIKIA BAADA YA JIBU HILI KUTOKA GAZETINI

Mshauri, yamefanyika, ila si kwa mpangilio uliouagiza.

Macho yangu hayashiki tena maandishi madogo, na anayenisomea gazeti ni mke wangu. Nililijua hilo nilipokuandikia. Nadhani ndiyo maana nilikuandikia wewe badala ya kugeuza shingo na kumwambia yeye, na kwa hilo pia unikaripie, nimestahili.

Alisoma barua yangu yote kwa sauti, kisha jibu lako lote, kwa ile sauti ya mwalimu anayesomea darasa imla, bila kupanda wala kushuka. Alipofika kwenye bibi wa kaunta nilifikiri ataacha. Hakuacha. Alipomaliza alilikunja gazeti, akatoka, nikamsikia kwenye simu akimwambia kifunguamimba wetu aje leo, aje na nguo za kutosha, baba yake atahitaji mtu. Kisha akaja na karatasi na kalamu, akaniwekea kifuani, akasema, "Waandikie maktaba." Nikawaandikia. Aliisoma, akaitia kwenye bahasha.

Kifunguamimba alipofika na kuliweka begi lake chini, mke wangu alikuwa ameshavaa viatu. Aliuvuta mlango wa chumba ukafunga, akasimama miguuni pa kitanda.

"Kilikuwa kinalala wapi?"

Nikamjibu, na wewe nakujibu vilevile. Kila jioni, kaunta ilipokuwa ikifungwa, nilikipitia kitabu changu, nikakitia kwenye mkoba, nikaja nacho nyumbani. Kililala chini ya kitanda chetu, upande wake.