Mwalimu wa Foklifti ni Mke wa Nadir

Mpendae, Unguja
22 Aprili 2024

Kwa Ummukulthum,

Asalaam alaikum. Sisi huku wazima. Rahila anasoma, mama magoti yanamsumbua lakini anakwenda. Natumai na nyinyi huko Dar hamjambo. Sitauliza zaidi ya hapo.

Utashangaa kupata barua ya karatasi. Namba yako niliizuia siku ile nilipoambiwa na watu sokoni kwamba umeolewa na Nadir, mtalaka wangu, baba yake Rahila. Sikuambiwa na weye, mtoto wa mama yangu mdogo, niliambiwa na muuza nazi. Sijaifungua mpaka leo. Barua hii nampa Junaid, anayefanya kazi botini, akuletee mkononi.

Nna shida ya kazi, si ya nyumba. Unajua kuwa nasimamia ghala la Bwana Raza Rehmtulla pale Mtoni. Kabla ya Ramadhani, Gharib alikuwa anashusha paleti ya vigae kwa foklifti, akakata kona na mzigo bado uko juu. Mashine ikalala ubavu, ikamvunja mguu. Yuko hai, alhamdulillahi, ila mpaka sasa anatembea na magongo. Alifunzwa kuendesha na binamu yake, na binamu yake alijifunza mwenyewe kwa kubahatisha. Bwana Raza kaapa kuwa hakuna atakayeshika usukani tena mpaka afunzwe na mwalimu anayetambulika, nami msimamizi nikiwemo. Foklifti zote mbili zimeegeshwa, vijana wanabeba kwa mgongo.

Nimetafuta mwalimu bandarini, nimetafuta Nungwi kunakojengwa mahoteli. Kila ninayemuuliza ananiambia yuko mwanamke mmoja wa hapa hapa Unguja, anakaa Dar, anaitwa Ummukulthum. Wa mwanzo nilimwambia ahsante. Aliyefuata nilimkatia simu.

Basi nakuuliza, unamjua mwalimu mwengine? Mwengine, si weye. Nipe jina na namba.

Mama Rahila

*

Kurasini, Dar es Salaam
28 Aprili 2024

Dada Salhiya,

Wa alaikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako Junaid alinikabidhi getini kazini, nikaisoma nimesimama hapo hapo. Hatujambo. Mpe pole mama mkubwa, mwambie magoti ayakande kwa maji moto na asipande ngazi ovyo. Na Gharib mpe pole nyingi. Nimeshaona mashine iliyolala ubavu, na si kila dereva hutoka hai.

Nakujibu ulichouliza. Waalimu wazuri ninaowajua ni wawili. Mmoja yuko Tanga na kazi zimembana mpaka mwisho wa mwaka. Wa pili ni Mzee Kheir, aliyenifunza mimi, lakini amestaafu na macho hayamsaidii tena. Kuna na Mabrouk, jina lake utakutana nalo kwenye simu. Anatangaza kuwa anafunza na kutoa vyeti siku hiyo hiyo. Huyo nakuomba usimwite.

Mtu yeyote utakayempata, muulize kwanza yeye kafunzwa na nani. Muulize kama atazikagua mashine kabla ya kumpandisha mtu. Kisha muulize nani alifeli katika darasa lake la mwisho. Akikwambia hakuna, mfungulie mlango aende zake.

Na mimi nipo, dada. Sikulazimishi.

Rahila alipokuja kwetu likizo ya Disemba nilimchukua kazini, nikamkalisha kwenye mashine iliyozimwa. Alifurahi mpaka akasahau kula. Nadir anakusalimu.

Mdogo wako,
Ummukulthum

*

Mpendae
3 Mei 2024

Ummukulthum,

Salamu zimefika, na afya zetu ni zile zile.

"Nadir anakusalimu." Ulikuwa na haja gani ya kuliandika hilo? Ungeliacha, barua ingepungua nini?

Na huyo mtoto unayemkalisha kwenye mashine nimemzaa mimi. Tangu arudi kutoka kwenu, nyumba hii haina habari nyengine. Mama mdogo anavaa helmeti ya rangi ya chungwa. Mama mdogo wanaume wazima wanamwitikia naam. Juzi namsuka nywele ananiambia, "Mama, na weye ungesoma kama mama mdogo ungekuwa na helmeti." Nikamwambia nyamaza nisije nikakuvuta. Nikamvuta kweli, akalia, na mimi nikaenda jikoni nikalia.

Una mume, una kazi, una jina kila ninapopiga simu. Sasa unataka kuja na kwenye ghala langu, vijana wangu wakuone weye ndiwe mtu na mimi si mtu.

Mwalimu nimeshampata. Ni huyo huyo Mabrouk unayenikataza. Na nadhani najua kwa nini unanikataza. Anakuja Jumatatu, usijisumbue.

Mama Rahila

*

Mpendae
4 Juni 2024

Ummukulthum,

Asalaam alaikum. Mwezi mzima hukuniandikia, na mimi nisingeandika kama si haya yaliyotokea. Hatujambo. Mama anatembea mpaka barazani sasa.

Huyo Mabrouk alikuja. Shati limepigwa pasi, manukato yanamtangulia. Asubuhi alituonesha video kwenye simu yake mpaka adhuhuri. Baada ya chakula kila mtu akazunguka uwanja mara moja. Hasan, ambaye maisha yake hajawahi kukaa juu ya mashine, aligonga nguzo ya geti, Mabrouk akacheka akasema, "Atazowea." Laasiri haijafika tukapewa vyeti, na Hasan kapata, na mimi nimepata, picha yangu imetoka vizuri kweli kweli.

Nilimuuliza nani alifeli darasa lililopita. Akasema, "Kwangu hafeli mtu, bibi." Nilisikia maneno yako kichwani na bado nikamshukuru. Nilikuwa tayari kumkubali mtu yeyote duniani madhali si weye.

Asubuhi ya pili Gharib alikuja na magongo yake kutusalimu. Hasan akawasha foklifti ili apeleke paleti ndani. Gharib aligeuka akatoka, kidogo kidogo, mpaka nje ya geti, akasimama juani. Nikamfuata, nikamwambia, "Gharib, njoo ukae kivulini." Akanijibu, "Bi Salhiya, yule akishuka ndipo nitaingia."

Nilimwambia Hasan azime. Kisha nikapanda kwa Bwana Raza, nikamweleza kuwa watu hawa hawajafunzwa, na vyeti hivi ni karatasi tu. Akaniuliza, "Na yule mwanamke wa Dar, anayesifiwa na kila mtu, kwa nini hukumwita?"

Nikasema, "Ndiye aliyeolewa na mume wangu."

Akaagiza chai, yake na yangu.

Njoo. Bwana Raza atakulipia nyumba ya wageni Mtoni. Kwangu hutafikia.

Salhiya

*

Kurasini
8 Juni 2024

Dada Salhiya,

Wa alaikum salaam. Nimefurahi mama mkubwa kufika barazani. Mimi mzima, ila mafua kidogo.

Nitakuja baada ya Idi. Siku ya kwanza sitamfunza mtu, nitakagua mashine. Breki, minyororo, honi, matairi. Nikiona haifai haitatembea, hata Bwana Raza akasirike. Baadaye nitakaa nao wiki mbili, kidogo darasani na zaidi uwanjani. Na nakwambia mapema, kwangu watu wanafeli.

Sasa na mimi niseme. Unaniandikia kana kwamba nimekaa kwenye zulia napepewa. Nadir akila pilau yangu husema ile ya Salhiya mchele ulikuwa unachambuka. Nikichelewa kazini husema Salhiya alikuwa anafika kabla ya magharibi. Mwanzo nilinyamaza, kisha nikaanza kuichukia pilau yenyewe, sasa nanunua chapati. Nilipomwambia nakuja kwako, siku hiyo hiyo alikwenda kunyoa ndevu, akarudi akaniuliza kama sitahitaji mtu wa kunishikia mizigo. Nikamwambia begi langu lina magurudumu.

Weye unaniona nimechukua kila kitu chako. Mimi naona nakaa nyumba ambayo hukuwahi kuingia na bado imejaa weye.

Nikifika tuzungumze foklifti. Hayo mengine yamenitoka tu.

Mdogo wako,
Ummukulthum

*

Mpendae
14 Julai 2024

Ummukulthum,

Sina salamu ya kutia asali. Afya unaijua, juzi tu ulikuwa hapa.

Umenifelisha.

Wiki mbili nilikuwa nawahi kufika kuliko wote. Niliweka simu mbali, nilivaa hiyo helmeti ikaniuma kichwa, nilikuuliza maswali kama mtoto wa skuli. Nilisema moyoni, huyu kazi yake anaijua, acha niweke mengine pembeni. Tena nilianza kukuzowea. Siku ulipomfunza Hasan kupakia paleti ya mayai, likivunjika moja anaanza upya, nilicheka nawe, nikasahau weye ni nani.

Halafu siku ya mwisho ukasimama mbele ya vijana ukasoma majina. Hasan amepita. Hasan! Ukafika kwangu ukasema, "Bi Salhiya bado," na sauti yako haikutetemeka hata kidogo. Wote wakatazama chini. Niliona Hasan anauma mdomo asicheke.

Weye wanakwambia, "Naam, mwalimu." Mimi nikiwaita wananiitikia huku macho yao yako kwenye simu. Hicho kidogo nilichokuwa nacho kwao umekichukua nacho. Ulingoja miaka minne tangu uolewe, Ummukulthum, ukapata siku yako. Mwambie Nadir nimefeli. Atachekelea.

Nimemwambia Bwana Raza sikukubali hukumu yako. Amesema anamsikiliza mwalimu.

Salhiya

*

Kurasini
17 Julai 2024

Dada Salhiya,

Asalaam alaikum. Umenikata salamu, mimi sikukati. Natumai umeamka salama, na mama mkubwa, na Rahila.

Nakueleza kama ninavyomweleza mwanafunzi yeyote. Kupakia ulipakia vizuri, kuliko Hasan. Kushusha vilevile. Lakini ulipotoka mlango wa ghala ulirudi rivasi bila kugeuza kichwa. Bi Chanchal wa hesabu alikuwa anapita nyuma yako na sinia ya vikombe. Nikapiga filimbi. Ulisimama, ndiyo, ila ulisimamishwa na filimbi yangu, si kwa jicho lako. Nikakurudishia zoezi lile lile mara ya pili, ukarudi nyuma vilevile, unatazama mbele, unawatazama vijana wanaokutazama. Hasan ana mikono mizito, lakini hageuzi gurudumu mpaka amegeuza shingo.

Nilijua utasema ni Nadir. Mchana ule kabla ya kusoma majina nilitoka nikaenda peke yangu mpaka kwenye magofu ya kasri la zamani hapo Mtoni, nikakaa juu ya jiwe, nikafikiri nikupitishe. Wallahi nilitaka. Nilijiambia nikimpitisha tutapatana, nitaalikwa kwake, nitaitwa ndugu tena. Nani atajua? Kisha nikafikiri siku ambayo Bi Chanchal atapita na mimi sipo na filimbi yangu haipo. Nikarudi nikasoma majina. Sauti haikutetemeka kwa sababu nilikuwa nimeshika meza.

Na kuhusu vijana, hebu nikwambie nilichokiona mimi. Chakula kilipoletwa siku ile, sahani zimejaa, wana njaa, na hakuna aliyenyoosha mkono mpaka weye umekaa. Hasan alikufutia kiti kwa kitambaa chake. Mimi waliniita mwalimu na wakaniacha nimesimama. Nilikuonea wivu, dada, nikiwa bado nina helmeti kichwani. Kazini kwangu nakula peke yangu.

Nadir sikumwambia kitu. Ameuliza, nimemwambia kazi ilikwenda vizuri.

Mdogo wako,
Ummukulthum

*

Mpendae
28 Julai 2024

Ummukulthum,

Asalaam alaikum warahmatullah. Sisi wazima. Mama anakusalimu, na mimi sikumzuia.

Barua yako niliisoma nikaichana. Kesho yake nikaenda kazini nimevimba. Nikamuuliza Bi Chanchal, "Siku ile ya mtihani ulikuwa unapita wapi?" Akaweka kalamu chini. Akasema, "Nyuma yako, Salhiya. Nilishindwa kukwambia. Vikombe viwili vilivunjika, nikasema nimejikwaa."

Sikuwahi kusikia vikombe, Ummukulthum. Nilisikia filimbi tu, na nilikasirika kwamba umenipigia filimbi.

Ijumaa baada ya sala, ghala limefungwa, nilimwomba Gharib aje akae barazani pa ghala anitazame. Nikapanga mapipa matupu pale mlangoni. Mara ya mwanzo nililigonga moja, likabingirika mpaka ukutani. Gharib akasema, "Bi Salhiya, unaendesha kama mtu anayepigwa picha." Nilitaka kumjibu vibaya, kisha nikamwona mguu wake. Nikarudia. Shingo bado inaniuma mpaka leo kwa kugeuka.

Sikudanganyi kwamba moyo wangu umesafika. Rahila akikutaja, bado namkatiza. Nikifikiria unamfungulia mlango Nadir jioni, huwa natafuta kazi ya kufanya, nafua hata nguo safi. Labda hayo yatakaa nami, sijui. Lakini ulikuwa na njia rahisi ya kunifurahisha ukaiacha, na katika watu wote waliowahi kunipenda sikumbuki aliyefanya hivyo.

Vijana wanaendesha vizuri. Hasan anamkemea kila anayepita bila fulana ya reflekta, hata mteja. Mimi bado sijagusa usukani wa mashine yenye mzigo, na sitagusa mpaka unipime.

Njoo mwezi ujao, siku utakayopata nafasi. Junaid atakupokea bandarini. Nyumba ya wageni ina mbu, utalala chumbani kwa Rahila, naye keshaanza kuhamisha vitabu vyake bila kuambiwa. Nipime mbele ya vijana wote, pale pale mlangoni. Na nikifeli tena, soma jina langu kwa sauti ile ile.

Dada yako,
Salhiya