Kofia ya Tatu Bandani

Kutztown, Pennsylvania
Jumatano, 19 Aprili 1911

Mama mpenzi,

Pokea salamu zangu za heshima na mapenzi. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Ohio, goti limepoa, na dada Lovina anakutilia chumvi ya kutosha kwenye supu. Huku sote tu wazima wa mwili. Ng'ombe wa madoa amezaa, na mvua imeiharibu barabara ya kinuni.

Uliniuliza habari za kaka Mahlon na wifi Sevilla, nami nikawa nakujibu juu juu. Leo nakwambia kweli. Tangu tulipomzika Alverta mwezi wa Januari, walikuwa hawasemeshani. Wifi alimlaumu kaka kwa kuchelewa kumwita daktari. Kaka alidhani ni koo la kawaida, akamfunga mtoto vitunguu vya moto shingoni, kumbe ni dondakoo. Mezani maneno yao yalipitia kwangu. Wifi akisema, "Mwambie kaka yako viazi vinapoa," kaka ananiagiza nimjibu kwamba ana macho. Majuma mawili kabla ya Pasaka wifi alinieleza kwamba sikukuu ikipita atawachukua Minerva na Clayton ahamie kwa baba yake. Nguo alikwisha kuzikunja.

Hata hivyo alichemsha mayai kwa maganda ya vitunguu, yakatoka mekundu. Jumamosi watoto walikwenda bandani kumtengenezea Sungura wa Pasaka viota, kila mmoja akaificha kofia yake kwenye nyasi kavu ili usiku sungura amtagie mayai humo, kama tulivyofanya sisi. Clayton alimcheka dada yake, eti kofia ina tundu, sungura akitaga humo yai litaangukia kwa kuku. Minerva akamjibu kwamba sungura hawatagii wenye domo. Nilicheka, Mama, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Unajua kuweka mayai ni kazi ya baba. Alfajiri ya Pasaka kaka alinikabidhi kikapu pale mlangoni. "Nipelekee wewe, dada. Mimi siwezi. Ila Sevilla asijue." Akaenda kukamua. Nikaingia bandani, nikayaweka, nikatoka.

Kulipokucha tulimsikia Clayton akipiga kelele, tukamkimbilia. Kofia zilikuwa tatu. Ya tatu ilikuwa ile ya buluu ya Alverta. Wifi ndiye aliyeificha kwenye nyasi, hakumwambia mtu. Ndani mlikuwa na mayai manne, sawasawa na ya wenzake.

"Sungura hajapata habari," Clayton akasema.

Hakuna aliyemkanya. Wifi alikaa chini na gauni lake la kanisani, akalia kilio ambacho hakukilia hata makaburini. Kisha akainuka, akamkumbatia kaka na kumwambia, "Kumbe na wewe ulimwekea." Kaka alinitazama juu ya bega la mkewe.

Tangu siku hiyo wanazungumza. Wanazungumza habari za Alverta, na wakati mwingine wanalia pamoja, lakini nguo za wifi zimerudi kabatini na neno la kuhama silisikii tena. Jana kaka alinifuata kisimani. Alisema nimemwokolea nyumba yake, na kwamba moyo kama wangu hajauona. Akaniomba nimwache mkewe aamini hivyo hivyo. Niliinamisha kichwa, nikazipokea shukrani.

Mama, shukrani hizo si zangu, na sina mwingine wa kumwambia. Asubuhi ile sikuwa na wema wowote moyoni. Niliona kofia tatu, nikayagawa mayai kumi na mawili manne manne, kama kaka anavyofanya kila mwaka, akili yangu iko kwenye mkate niliouacha jikoni. Nilikuwa nimesahau kwamba Alverta amekufa. Mimi niliyemwosha, mimi niliyemfunga vifungo vya gauni lake la mwisho, nilisahau. Nilimchagulia yale mekundu zaidi, nikatoka bandani najiambia kwamba leo Alverta atafurahi.

Nisamehe, Mama, na uniombee. Barua hii ichome ukiisha kuisoma, dada asiione. Minerva na Clayton wanakuamkia, na kaka na wifi wanakusalimu kwa pamoja.

Mwanao akupendaye,
Emeline